Jibu: Wateja wa Instagram hawalioni duka Kariakoo
Salaam mkuu. Umesema wateja wa Instagram wanafika Mtaa wa Kongo halafu wanapotea, wanaishia kununua kwa jirani. Kwanza fungua Google Maps uangalie alama ya duka imekaa wapi. Wakati mwingine huangukia katikati ya barabara. Isogeze hadi kwenye mlango wanaoingilia wateja, siyo ule wa kushushia mzigo. Ghorofa na namba ya fremu ziandike kwenye anwani na kwenye wasifu wa Instagram, maana alama haisemi uko juu au chini, na humo ndani ndimo wengi hupotelea. Google wakitaka uthibitisho kwamba duka ni lako, rekodi video moja bila kukata: mtaa, bango, kisha ukifungua duka kwa ufunguo. Na bei iweke wazi kwenye posti! “Njoo DM” inamfukuza mteja mwenye nauli mkononi.