Umepata akiolojia UDSM? Baki hapo hapo

Mdogo wangu umesema umechaguliwa akiolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mzee anataka uhamie sheria eti utaishia kuchimba mifupa. Mi nakwambia kama unaipenda baki, ila ujue unachoingia. Fildi ndo moyo wa hii kozi, mnachimba taratibu kwa mwiko na brashi, kila tabaka la udongo linapimwa na kuchorwa, udongo unachekechwa, jioni bado unaosha vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, na kuviandika namba, jua kali na mgongo unauma kweli. Lakini nchi hii bana! Fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu pale Laetoli za miaka kama milioni 3.6, michoro ya miambani Kondoa, magofu ya Kilwa Kisiwani, watu wanavuka bahari kuja kuvisoma we uko navyo nyumbani. Ajira ngumu sikufichi, makumbusho na serikalini nafasi chache, ndo maana jifunze GIS (ramani na takwimu za maeneo kwa kompyuta) mapema, maana miradi mikubwa ya barabara au mabomba inahitaji tathmini ya malikale, yaani mabaki na maeneo ya kale, kabla ya kuanza na hapo anatakiwa mtu anayejua kupima na kuandika ripoti. Mweleze mzee hilo kwa heshima. Na likizo ya kwanza tu omba kujitolea makumbusho, usisubiri mwaka wa tatu.