Kwa nini mzabibu ukikatwa ncha unafumuka pembeni

Dada, umeuliza kwa nini mzabibu wako wa hapo Hombolo, Dodoma, ulipokatwa ncha tu, macho ya pembeni, yaani vichipukizi vilivyolala shinani, yakafumuka yote kwa pamoja. Ile ncha ndiyo ilikuwa bosi. Inatengeneza homoni ya oksini, inayoshuka na shina na kuyalaza macho ya chini. Saitokinini, homoni nyingine inayotoka sana mizizini, yenyewe inataka yaamke. Oksini inaibana isitengenezwe shinani, tena inamwita strigolaktoni, homoni ya tatu, asaidie kuzuia. Umekata ncha, breki zimeachia. Na sukari iliyokuwa ikienda juu nayo inageukia machoni, wengi wanaisahau hii. Usiyaache yote lakini! Mimi nabakiza yale manene, mengine nayabandua kwa kidole gumba yangali laini.