Je, kufurahia kujitolea kunapunguza thawabu?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwanamke, na kila wiki hujitolea kuwaogesha na kuwalisha bibi wazee wasio na wa kuwatunza. Nikitoka huko huwa na furaha ambayo sijaipata kwingine. Rafiki yangu ameniambia furaha hiyo ndiyo ujira wangu, nimeshaula hapa duniani, na Akhera sitakuta kitu. Tangu siku hiyo nina wasiwasi, nusura niache. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalam wa rahmatullah. Usiache, dada yangu. Rafiki yako huenda alikusudia kheri, lakini amechanganya nia na furaha. Nia ndiyo iliyokutoa nyumbani. Furaha umeikuta huko huko. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba mfungaji ana furaha mbili: moja anapofuturu, nyingine atakapokutana na Mola wake. Ya kwanza haikuifuta ya pili. Na Tirmidhi amepokea kuwa ambaye jema lake humfurahisha na baya lake humchukiza, huyo ndiye Muumini.

Wanaotoa huku wamechukia, Qur'ani imewataja katika Sura ya 9, aya ya 54, nao ni wanafiki. Basi uso uliokunjamana si dalili ya ikhlasi, yaani usafi wa nia, ingawa wapo kati yetu wanaodhani ibada isiyouma haikubaliwi.

Ila kuna furaha nyingine, na hiyo naiogopea nafsi yangu kabla ya yako: furaha ya kuwa mimi ndiye ninayetegemewa. Jipime hivi. Siku moja unafika, unamkuta mwenzio ameshamwogesha bibi uliyemzoea, na bibi anacheka naye kuliko anavyocheka nawe. Moyo unasema alhamdulillah, au unaona umenyang'anywa chako? Wengi wetu tunataka mwenye njaa ashibe, lakini ashibe kwa mkono wetu. Ukiona hivyo usikimbie; omba msamaha, kisha chukua kazi isiyoonekana, kama kufua au kusafisha choo, uifanye siku hiyo.

Katika Sura ya 76, aya ya 9, watu wema wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa wanasema wanalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu: "hatutaki kwenu malipo wala shukrani." Litazame neno "kwenu." Hawakusema hawataki malipo kabisa. Wamekataa kuyadai kwa yule wanayemlisha. Kwa hiyo bibi asipokushukuru, hana deni lako.

Na zitakuja siku hutahisi chochote. Utachoka, utatukanwa na mgonjwa asiyejua anachosema, utarudi nyumbani moyo umekauka. Nenda tena wiki ijayo. Amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa chache, na udumifu wenyewe huonekana siku kama hizo. Kama uchovu umezidi, punguza saa. Mwili wako nao una haki juu yako.

Kuhusu hofu yako ya kukosa fungu Akhera, rudi kwenye sura hiyo hiyo, usiishie aya ya 9. Aya ya 11 inasema Mwenyezi Mungu atawalinda walishaji hao na shari ya Siku hiyo, na atawakutanisha na uchangamfu na furaha.

Wallahu a'lam.