Machalii wa kamera na kalamu, tusikilizane kidogo

Nimepitia folda za vijana wanaoandaa maonyesho ya mito ya Arusha, picha zimepigwa kisha zikachorewa juu. Mikono mnayo, hilo halina ubishi. Ila machalii wangu, mbona mnakanyaga palepale tulipokanyaga sisi? Nilitaka kunyamaza, nimeshindwa. Leya (tabaka za mchoro kwenye programu ya kuchorea) na brashi mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo huko sigusi.

1. Chora uchafu wa leo. Mmoja wenu ameujaza mto Naura mifuko ya rambo ya bluu, imetuna, inaelea. Dogo, rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Ukishuka mtoni sasa utakutana na chupa za maji, vifuko vya karanga na pampasi. Rambo bado zipo, lakini ni zile zilizofukiwa ukingoni zamani. Mvua ikimega udongo zinachungulia, zimepauka, zimechanika nyuzinyuzi na kushikana na mizizi hadi hujui kipi ni kipi. Hiyo ndiyo picha! Na ukiipata huna haja ya kuichora, ipige tu.

2. Kuna kazi ya kijana anacheka, meno ya kahawia, nyuma yake bomba la kiwanda linamwaga maji. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Meno hayo ninayo mimi, nimekulia Arumeru, na hakuna kiwanda kilichonipaka rangi. Ni floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanapita humo yanaibeba, mtoto anayanywa wakati meno bado yanajijenga, basi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi za huku zinazopita hapo kwa mbali huku maji yake ni maangavu, kokoto unaziona hadi chini. Kamera hapo haina cha kusema, kalamu ndiyo yenye kazi: kata mlima ubavu, onyesha maji yanavyopenya kwenye mwamba na yanachochukua njiani. Lakini bomba hilo lifute, maana halipo.

3. Hapa nitakaa kidogo.

Zamani niliipiga bustani moja ya mboga kando ya mto Themi. Mama ameinama anasuuza mafungu ya mchicha, juu yake mkuyu umening'iniza mizizi, pembeni kuna kidaraja cha mbao na kopo jekundu la kumwagilia. Juu kidogo watu walikuwa wanafua, na povu lilikuwa linashuka. Nyumbani nikaliona povu lile halitoshi, halitishi mtu. Nikalifuta. Badala yake nikachora maji ya zambarau, nikayaingiza kwenye mfereji wake, nikayapandisha kwenye mishipa ya majani, jani moja baada ya jingine. Brashi laini, leya nimeipunguza ukali, chembechembe za mchoro nimezilinganisha na za picha, hata ungeinamia na miwani usingeonyesha kalamu ilipoanzia. Na hilo ndilo nililojivunia! Uso wa mama niliuficha kwa kivuli cha kilemba, nikaona adabu nimeimaliza.

Picha ikatundikwa, watu wakapiga makofi. Kuna mtu akaipiga kwa simu, akaikata maelezo ya chini, akairusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Uso haukuonekana, lakini mkuyu ule na kopo lile mtaa mzima unavijua. Mimi nilikuja kujua niliporudi kumpelekea nakala kama zawadi, imewekwa fremu kabisa. Nikamkuta na beseni la mchicha ulioanza kuwa njano. Aliitazama ile picha muda mrefu.

"Mwanangu, haya maji ya zambarau uliyaona wapi? Mimi niko hapa kila siku, sijayaona."

Nikaanza: mama, hii ni sanaa, rangi inawakilisha…

"Wateja wangu wameona sumu. Hicho kingine unachosema hawajakiona."

Maji yale si masafi, yeye anajua na mimi najua. Lakini mimi sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa na povu la sabuni na hamu ya rangi. Nilizunguka magengeni kueleza kwamba ni mchoro, wakanisikiliza kwa heshima na hawakununua. Baadaye mama akaacha mboga, akageukia miche ya maua. Mpaka leo tukionana ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile mchoro wangu lazima uonekane ni mchoro. Picha naiacha nyeusi na nyeupe, haijaguswa, kisha mstari mnene wa rangi moja juu yake, ambao hata anayetazama kwenye simu iliyopasuka kioo hawezi kuuchanganya na picha. Na nikichora jambo ambalo nimeambiwa tu, mstari unakuwa wa nukta.

Sasa wewe uliyemchora heroe wa maziwa ya Momella na chupa shingoni, kivuli kimekaa, hadi matone ya maji yanang'aa: kazi yako nimeipenda sana, na nakuomba uishushe leo, kabla mtu hajairusha.

4. Chapa ya printa ya wino usiipitishie brashi yenye maji, itachuruzika yote. Tafuta ya leza.

5. Ukipiga jani au mdudu utakayemchora baadaye, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni, la sivyo utakuja kuchora panzi mkubwa kuliko paka.

6. Wa "sina kamera nzuri": Mwingereza Anna Atkins alianza mwaka 1843 kutoa picha za mwani bila kamera yoyote, kwa karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, jua na maji ya kusuuzia. Jua tunalo. Jaribuni kulaza jani la mringaringa na kifuko cha karanga pamoja: jani linazuia mwanga likabaki jeupe, kifuko kinaupitisha kidogo na mikunjo yake inatoka kwa buluu hafifu. Mimi huwa nachora juu ya hiyo mikunjo.

7. Wote mmepiga darajani, kwa sababu ndipo bodaboda inaposhusha. Themi haiishii hapo. Inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini, na sijaona picha hata moja ya chini ya Njiro. Jumamosi nashuka Kikuletwa. Anayekuja abebe chakula chake, safari iliyopita mlinimalizia chapati.