Mche, lenzi na kupinda kwa mwanga: kanuni ni moja, tofauti ni umbo

Mleta mada ameuliza kwa nini mche wa kioo (kipande chenye nyuso bapa zilizoinamiana) unatoa rangi ilhali kioo cha dirisha hakitoi, na lenzi inaingiaje hapo.

Chanzo ni kasi. Kwenye ombwe mwanga huenda takriban km 300,000 kwa sekunde; ndani ya kioo chenye n ya 1.5 hushuka hadi km 200,000 (n ni kasi ya kwenye ombwe ukiigawa kwa kasi ya ndani ya kioo). Ukiingia kwa mshazari hupinda kuisogelea nomali, yaani mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo pale mwanga unapogusa. Ukitoka, huikimbia. Saini (sine ya hisabati) ya pembe ya hewani ukiigawa kwa saini ya pembe ya ndani, unapata n. Wengi huharibu hapa: wanapima pembe kutoka kwenye uso wa kioo badala ya nomali, nyuzi 30 zinageuka 60, na hesabu yote inakwenda kombo.

Nyuso za kioo cha dirisha ni sambamba, hivyo kilichopindwa na uso wa kwanza hunyooshwa na wa pili. Nyuso za mche zimeinamiana, kwa hiyo uso wa pili huongeza mpindo. Mche wa nyuzi 60 wenye n ya 1.5 huchepusha mwanga kwa nyuzi 37 hivi, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, pembe ya kuingilia ikiwa kama 49. Ukiingiza kwa chini ya nyuzi 28, mwanga hautokei uso wa pili. Wote huakisiwa ndani, nawe utatafuta bure kwa pini zako za kufuatia njia ya mwanga.

Urujuani hupinda kuliko nyekundu kwa kuwa n yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana mche hutenganisha rangi. Pitishia mwanga kwenye mwanya wa milimita 1 au 2; ukiwa mpana rangi hupandana na katikati hubaki nyeupe.

Lenzi mbinuko (iliyonenepa katikati) ichukulie kama miche mingi iliyopangwa, mwinamo ukiongezeka kuelekea ukingoni, ndiyo maana miale hukutana kwenye fokasi. Fokasi ikiwa sm 10 kutoka kwenye lenzi, weka mshumaa sm 15 kutoka kwenye lenzi: taswira hutokea sm 30 upande wa pili, imepinduka na kuwa kubwa mara mbili. Mshumaa na skrini vikikaribiana chini ya sm 40, yaani fokasi mara nne, hutapata taswira kali hata uisogeze lenzi vipi. Na taswira ikiwa na ukungu licha ya umbali sahihi, funika ukingo wa lenzi kwa kadi yenye tundu katikati, maana miale ya pembeni hupinda kupita kiasi.