Maswali na Majibu: Likeni Haijaua Mti Wako

Barua nyingi ni za mikahawa "yenye ukurutu", kama kawaida. Naanza nazo nimalizane nazo.

Mikahawa yangu huku Kibosho imeota magamba ya kijivu tangu shinani hadi matawini, na inazidi kukonda. Nipulize dawa gani?

Hakuna. Hayo magamba ni likeni, na likeni hainyonyi mti. Vijinyuzi vyake vinashika gome la nje tu, lile lililokwisha kufa, na chakula inajipikia yenyewe kwa mwanga. Ndiyo maana unaiona zaidi kwenye mti uliodhoofu: majani yakipukutika, jua linapenya hadi shinani, na gome la mti usiokua halibanduki. Umemkuta mgeni msibani, ukamwita muuaji.

Mtafute muuaji mwenyewe. Kwangua tawi kwa ukucha: kijani chini ya gome maana yake lipo hai, likiwa kahawia na kavu, kata. Angalia kitako cha shina: matundu na unga wa mbao ni bungua, mdudu anayetoboa shina. Geuza majani: vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini ni kutu. Usipokuta chochote, na mti ni mzee usiopogolewa miaka mingi, ukate kwa mshazari sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini mvua zikikaribia, kisha uache machipukizi 2 au 3 yenye nguvu.

Mrututu na dawa nyingine za shaba zinaua likeni, sikatai. Lakini mti utabaki umekonda vilevile, na shaba haiozi, inajilimbikiza shambani. Pulizia chulebuni (ugonjwa wa matunda ya buni) au kutu, hiyo ndiyo kazi yake. Na atakayekuambia usugue shina kwa brashi ya waya, mwombe asugue la kwake: kila mchubuko ni mlango wa ugonjwa.

Likeni ni mmea wa aina gani?

Si mmea. Ni kuvu inayofuga mwani mdogo mno, au bakteria wa kijani-buluu, ndani ya mwili wake. Simon Schwendener alilisema mwaka 1867 na wataalamu wengi wa likeni wa wakati wake wakalikataa.

Nimekutumia picha. Ni aina gani?

Hili nimelijibu mara ngapi? Picha moja iliyopigwa kwa kusimama mbali, jioni, inanionyesha doa la kijivu juu ya mti. Madoa ya kijivu ni mengi. Nataka picha 4: nzima pamoja na gome, sarafu ikiwa kando kwa kipimo, ya karibu kupitia lenzi ya mara 10, ya upande wa chini, maana rangi ya chini na vijinyuzi vyake huamua mengi, na ya ikiwa imelowa. Andika pia jina la mti na mwinuko kutoka usawa wa bahari.

Hiyo ya kulowesha ifanye hata kama huniandikii. Dondosha matone machache ya maji juu ya likeni kavu ya kijivu, uiangalie kwa lenzi. Ngozi ya juu inanywa maji na kuwa angavu, na chini ya dakika moja kijani cha mwani kinajitokeza kama taa iliyowashwa nyuma ya pazia. Ndiyo maana msitu uleule uliouona umepauka mchana wa kiangazi unang'aa asubuhi ya ukungu.

Sampuli iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Ya plastiki inaotesha ukungu kabla hujafika nyumbani.

Zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti karibu na Mandara, Kilimanjaro, zinaitwaje? Naweza kuchukua kidogo nichemshe? Nimesikia zinapunguza unene.

Nyingi ni Usnea, jamii ya likeni. Hakikisha kwa uzi ulioanguka chini: uloweshe, kisha uvute polepole huku na huku. Ganda la nje linakatika vipande kama shanga, na katikati unabaki uzi mweupe unaovutika kama mpira. Usipouona uzi huo, si Usnea. Haina mizizi, maji inayapata kwenye mvua, umande na ule ukungu unaopita huko, kwenye mwinuko wa mita 2,700, karibu kila siku.

Kuchukua, hapana. Ile ni hifadhi ya taifa, usichume kitu bila kibali. Kuchemsha, hapana zaidi. Asidi ya usniki iliyomo ndani yake iliwahi kutiwa kwenye vidonge vya kupunguza unene Marekani, watu wakaharibika maini, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikatoa onyo. "Ni ya asili" si kipimo cha usalama. Hata sumu ya nyoka ni ya asili.

Miti ya mtaani kwetu mjini haina likeni hata moja. Hewa ni chafu?

Huenda. Usnea na jamaa zake huathirika upesi na moshi wenye salfa. Lakini mti mchanga, gome linalobanduka kama la mkaratusi, au ukuta uliopakwa chokaa hautakuambia kitu. Linganisha miti ya aina moja na unene mmoja.

Babu anasema zamani pwani waliuza "marere" ya kutia rangi. Ni kweli?

Kweli kabisa. Marere ni Roccella, likeni ya kijivu yenye vitawi laini inayoota kwenye miti ya pwani, na katika karne ya 19 ilisafirishwa Ulaya kupitia Unguja. Ilipondwa, ikalowekwa kwenye maji yenye amonia (zamani mkojo uliochacha), ikakorogwa kila siku ipate hewa, na baada ya wiki 3 au 4 ikatoa zambarau. Hariri na sufu zinaishika vizuri. Pamba haishiki, na jua linaififisha. Rangi za viwandani zilizoanza mwaka 1856 zikaja kuiua biashara hiyo. Ukoo huohuo ndio uliotoa litmasi, ile karatasi mliyoichovya kwenye ndimu darasani.

Usiende kuibandua ujaribu. Mti ukishavuliwa, hakuna mbegu ya kupanda; utasubiri miaka.