Jibu: Juisi ya lengalenga (mchicha) kwa mtoto mwenye damu kidogo

Jambo mama. Kwa hiyo mtoto ana mwaka 1 na nusu, damu ni kidogo, na jirani anasema uache siropu ya chuma umpe juisi ya lengalenga tu. Siropu usiache. Kwanza uliza kama walimpima malaria na minyoo. Wangu, hapa Kadutu, Bukavu, alikunywa juisi mwezi mzima na viganja vikabaki vyeupe. Kumbe ilikuwa malaria.

Juisi bado ninatengeneza. Majani naosha mara tatu (sokoni mengine yametoka pembeni ya mitaro), nachemsha kidogo, nasaga, sichuji sana maana chuma nyingine inabaki kwenye makapi. Halafu nakamulia marakuja (pasheni). Ule uchachu unasaidia mwili kupokea chuma. Chai usimpe wakati wa chakula, inazuia. Nusu kikombe kidogo yatosha, asishibe maji akakataa uji na sambaza (samaki wadogo). Bitiruti nayo, ukiichanganya humo, huweza kugeuza mkojo mwekundu, mimi nilikimbia na wangu kituoni usiku bure!

Akipumua haraka au akilegea, peleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Yule mdogo wa miezi 4 uliyemtaja, ziwa la mama tu.